SAR ya babu yako haikuwa na kosa Lukaya

Kijana mmoja wa Tabora ameniandikia hivi: "Shikamoo babu. Babu yangu mzaa baba alikuwa mgambo, akapelekwa vita vya Kagera. Alifariki mwaka juzi akatuachia daftari. Ameandika kwamba alipewa SAR wakati wanajeshi wenyewe walikuwa na SMG. Kuhusu Lukaya ameandika neno moja tu: 'Tulikimbia.' Alipokuwa hai hakupenda kuulizwa habari hiyo. Naomba unieleze, SAR ni bunduki gani, na je, walikimbia kwa sababu walipewa silaha duni?"

Marahaba mjukuu wangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Umeuliza mambo mawili, na naona hilo la pili, la kukimbia Lukaya kule Uganda, ndilo linalokukosesha usingizi. Mimi nilikuwa askari wa miguu wa JWTZ katika vita hivyo dhidi ya Idi Amin wa Uganda, kwanza kwenye seksheni nikiwa na SMG, baadaye nikahamishiwa mota, ile mizinga midogo ya kurusha makombora. Tuliporudi nilifundisha makuruta silaha ndogo mpaka nikastaafu. SAR na SMG nimezifungua na kuzifunga mara nyingi kuliko nilivyofunga mlango wa nyumba yangu.

Jibu la swali la pili ni hapana. Lakini ukibaki na "hapana" tupu utadhani nakupoza, kwa hiyo twende taratibu.

SAR ni jina letu la jeshini. Ni bunduki waliyoibuni Warusi, wao wanaiita SKS. Za kwetu nyingi zilitoka China, na Wachina waliiita Type 56. Hapa ndipo vijana wanaosoma mambo haya huchanganyikiwa, maana Wachina hao hao waliipa SMG jina hilo hilo la Type 56, na LMG nayo pia, yaani bunduki nyepesi ya rashasha, kwa kuwa zote zilipokelewa jeshini mwao mwaka 1956. SMG ndiyo ile inayojulikana duniani kote kama AK-47. Sisi hatukuzoea kusema AK. Hata leo polisi wakikamata majambazi utasikia kwenye taarifa ya habari "bunduki aina ya SMG", na ni hiyo hiyo.

SAR inajipakia yenyewe, lakini kila ukivuta kifyatulio inatoa risasi moja tu. Tumbo lake linabeba risasi kumi, na tumbo hilo halichomolewi kama magazini ya SMG. Risasi zinakuja zimepangwa kumi kumi kwenye kibanio cha bati. Unavuta nyuma, unakisimamisha kibanio juu ya bunduki, unazishindilia zote kwa kidole gumba, kisha kibanio unakitupa. Kama babu yako aliwahi kukuonyesha gumba lenye ukucha mbovu, usishangae sana. Siku ya mazoezi ya kupakia haraka, kuruta analala gumba limevimba.

SMG ina magazini ya risasi 30 na inaweza kumimina risasi mfululizo. Ukiziweka mbili hizo mezani mbele ya kijana yeyote, atachukua SMG bila kufikiri. Mgambo wetu nao walizitamani, na sisi wenye SMG tulikuwa tukitembea kwa maringo fulani mbele yao, sitakuficha. Ujana.

Lakini laza watu wawili kifudifudi kwenye ardhi tambarare, mmoja na SAR, mmoja na SMG. Mwenye SMG ana ile magazini iliyojikunja inatokeza chini ya bunduki kama mguu wa mbuzi. Inagusa ardhi kabla kidevu chake hakijagusa, kwa hiyo ili alenge lazima ainue kichwa na mabega. Mwenye SAR hana kinachotokeza chini. Analala kama mjusi. Kwenye mbuga za Kakuuto, kusini mwa Uganda, zenye nyasi fupi, shubiri moja ya kichwa si jambo dogo. Halafu mtutu wa SAR ni mrefu zaidi, kama sentimita 52 dhidi ya 41 na ushee za SMG, na macho yake ya kulengea yameachana zaidi. Ukiniambia nimpige mtu aliye mita 300, na hakuna haraka, nipe SAR ya babu yako.

Na lipo hili ambalo watu wa nje hawalioni. SAR, SMG na LMG yetu zote zilikula risasi moja, 7.62 fupi. Sanduku likishushwa kwenye lori, ni la wote. LMG ikiishiwa, ninyi wenye bunduki mnachomoa risasi zenu mnajaza mkanda wake. Nimekaa kwenye shimo usiku tukifanya kazi hiyo kwa kupapasa, hakuna hata kiberiti, na mgambo wa SAR alikuwa na kasi kuliko sisi kwa sababu zake zilikuwa zimeshapangwa kumi kumi, anajua alipofika bila kuhesabu.

SMG nayo ina aibu yake. Kitufe chake cha usalama ni bati refu upande wa kulia. Juu kabisa ni usalama, katikati ni kumimina, chini kabisa ni moja moja. Kwenye za Kichina utakuta maandishi yao, au herufi L na D. Mtu akishtuka analikandamiza bati lote hadi chini, kwa hiyo anapata risasi moja moja. Waliolibuni walijua mwoga anafanyaje. Tatizo ni sauti. Lile bati likishuka linalia "tak!", na usiku mkavu linasikika mbali.

Tulikuwa tumeshavuka mto Kagera, kabla ya kuichukua Mutukula pale mpakani. Nilikuwa lindo, saa nane au saa tisa za usiku, ukungu umelala bondeni. Nikasikia nyasi zinasuguana. Zikanyamaza, zikasuguana tena. Nikashusha bati. Tak! Nyasi zikanyamaza kabisa. Nimekaa hivyo, kidole kimeshafika kwenye kifyatulio, jasho linanitoka na baridi yote ile, mara sauti ya chini kabisa ikatoka gizani: "We mjinga, hiyo SMG ni ya kwetu. Usipige." Alikuwa koplo wetu anarudi kutoka doria kwa njia ambayo hakutakiwa kuipita. Aliijua bunduki kwa mlio wa bati. SAR kitufe chake ni kidogo, kiko nyuma ya kifyatulio, na kinageuka kimya. Ningekuwa na SAR usiku ule, yule koplo asingejua kwamba kuna mtu mbele yake, nami nisingejua kwamba ni yeye.

Upande wa pili, askari wa Amin, walikuwa na G3 nyingi, bunduki ya Kijerumani, na SMG pia. Wengi watakuambia G3 ni bora kuliko zote hizi. Ina nguvu, nakubali. Risasi yake ni 7.62 ndefu, inapenya ukuta ambao ya kwetu inaishia kuuchubua. Lakini magazini yake ni ya risasi 20, na risasi moja ina uzito wa gramu 24 hivi, wakati ya kwetu ni kama 16. Chukua risasi 200 uzidishe mwenyewe, halafu uzibebe kutoka Mutukula mpaka Masaka, karibu kilomita 90, ndipo uniambie ipi bora.

G3 ilikuwa na tabia moja niliyokuja kuipenda nilipokuwa mwalimu. Chemba yake, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, ina mifereji myembamba ndani, kwa hiyo ganda la risasi likitoka linakuwa na mistari ya masizi, kama limechanwa kwa kitana. Na inalirusha ganda mbali, hatua kadhaa kwenda kulia, mara nyingi likiwa limebonyea kiunoni. Tukifika kwenye kilima kilichoachwa, kazi ya kwanza ya sajenti wetu ilikuwa kuinama. Anaokota ganda, analigeuza kwenye mwanga. Lina mistari: walikuwa hapa, na aliyepiga hakulala palipo na maganda, alilala kule kushoto. Anakwenda kushoto anatazama nyasi zilivyolala, anajua walikuwa wangapi na walikimbilia wapi. Kama mistari haipo na ganda ni fupi, anauliza nani kati yetu alipita hapa kabla. Makuruta wangu nilikuwa nawamwagia ndoo ya maganda mchanganyiko na kuwaambia wanisimulie mapigano. Wengine walisimulia sinema.

Basi ukilinganisha bunduki hizi, tofauti zipo lakini ni za kisu cha jikoni na kisu cha shambani. Mpishi na mkulima watabishana mpaka jioni, na vyote vinakata. Silaha iliyomtesa askari wa miguu katika vita ile ilikuwa mzigo. Sisi hatukubebwa. Mwanzoni ndiyo, kutoka kambi za mbali tulipanda treni mpaka Mwanza, serikali ikachukua malori na mabasi ya watu na mashirika ili kupeleka watu na vyakula. Lakini ng'ambo ya mpaka, magari yalikuwa ya risasi, chakula na majeruhi. Sisi miguu. Nilipohamia mota ya milimita 82 ndipo nilipojua kwamba bunduki ni pambo. Mota inagawanywa vipande vitatu, bomba, sahani ya chini na miguu, na kila kimoja kinakaribia kilo 20. Sahani inakaa mgongoni na ukingo wake unakukata hapa, juu kidogo ya nyonga. Kovu ninalo. Na juu ya hapo una SMG yako, maji, sepetu na kombora mbili tatu za kila mmoja.

Hesabu inayotajwa ya wanajeshi wetu waliokufa katika vita nzima ni 373, na waliouawa kwenye mapigano yenyewe ni 96. Wengine wote walichukuliwa na maradhi na ajali. Nilikuwa nawasomea makuruta namba hizo siku ya kwanza, kabla hawajagusa bunduki, halafu nawauliza nani ameosha soksi.

Sasa Lukaya. Kwanza ujue babu yako alikuwa nani siku hiyo. Novemba 2, 1978 Mwalimu Nyerere alisema pale ukumbi wa Diamond Jubilee kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo. Sababu na nia zilikuwepo siku hiyo hiyo. Uwezo ilibidi ukusanywe, na ulikusanywa mashambani. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 likapanda ndani ya muda mfupi likazidi 100,000, kwa kuchukua mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT. Babu yako mwezi Oktoba alikuwa mtu wa tumbaku au mahindi huko kwenu. Machi yuko Buganda na SAR begani.

Masaka ilianguka Februari 24, 1979. Mbele yake kuelekea Kampala kuna Lukaya, na kuzunguka hapo ni kinamasi. Barabara imeinuliwa kupita katikati ya maji na mafunjo. Ukiwa juu ya barabara ile huna kulia wala kushoto. Amin alitaka kuirudisha Masaka, na Gaddafi alikuwa amemletea Walibya wenye vifaru na zile gari za roketi, BM-21. Gari moja lina mirija 40, na mirija yote inaweza kumwagwa ndani ya sekunde 20. Sisi pia tulikuwa nazo, na Waganda ndio walioziita "saba saba". Mpaka leo mzee wa Masaka ukimtajia saba saba atakuonyesha alikojificha.

Machi 10, brigedi ya 201, ambayo sehemu kubwa ilikuwa mgambo, ilikuwa Lukaya. Roketi za Walibya zikaanza kuja. Mimi sikuwa mstari wa mbele siku hiyo, tulikuwa nyuma na mota zetu, na tuliwapokea waliorudi. Ninachokuambia ni nilichokiona machoni mwao na walichosimulia usiku ule. Roketi zile zilipita juu. Zilivuka vichwa vyao zikaenda kuanguka nyuma, zikalima kinamasi. Lakini mtu ambaye hajawahi kusikia sauti ile hajui kama imepita juu. Ni kama mtu anachana turubai la lori kutoka upande mmoja wa mbingu hadi mwingine, na kabla halijaisha kuchanika anaanza jingine. Ardhi inapiga kwato chini ya kifua chako. Wakakimbia.

Nikuulize wewe: bunduki gani ingewasaidia? Gari la roketi liko kilomita nyingi nyuma ya kilima, hulioni. SMG haifiki. G3 haifiki. Ungempa babu yako bunduki ya dhahabu, ingefika pale pale SAR inapofika. Dhidi ya kitu kile askari wa miguu ana silaha mbili tu, shimo alilochimba mapema na masikio yaliyozoea. Shimo halikuwepo, kwenye kinamasi ukichimba kufika magotini unakuta maji. Na masikio hayazoeshwi kwenye uwanja wa kwata Tabora.

Usidhani sisi tuliovaa kombati tangu zamani tulizaliwa nayo hayo masikio. Januari, kabla hatujaichukua Mutukula, mizinga ya Uganda ilikuwa ikitupiga kutoka upande ule. Mara ya kwanza nilijitupa chini nikafumba macho. Mizinga ilipotulia nikaanza kutafuta SMG yangu kama kichaa, nikipapasa kushoto na kulia, nimeshaanza kuwaza nitamwambia nini kamanda wa platuni. Jamaa aliyekuwa pembeni akaniambia, taratibu kabisa, "Umeilalia." Ilikuwa chini ya tumbo langu, alama ya kitako imeingia kwenye mbavu. Tofauti yangu na babu yako ni kwamba mimi nilipewa nafasi ya kuaibika mbele ya mtu mmoja, yeye alipewa mbele ya brigedi nzima.

Na daftari lake limesimama kabla ya habari kuisha. Brigedi ya 208, ya Brigedia Mwita Marwa, ilikuwa mbali kidogo upande wa kaskazini-magharibi. Ikaamriwa izunguke ikate barabara ya Kampala kwa nyuma ya adui. Wakatembea usiku. Wale wa 201 wakakusanywa usiku huo huo, wakahesabiwa, wakapangwa upya. Nimewaona. Wapo waliorudi bila bunduki, wapo waliorudi na bunduki mbili kwa sababu waliokota ya mwenzao njiani. Kulikuwa na mtu mzima mmoja, mvi zimeshaingia, amekaa ukingoni mwa barabara anazifuta risasi zake matope, moja moja, kwa upindo wa shati, anazirudisha kwenye kibanio. Kumi. Kibanio kingine, kumi. Hakuna aliyemwamuru. Hakumtazama mtu usoni.

Alfajiri ya Machi 11 ile 208 ikatokea ubavuni barabarani, na 201 ikapiga kutoka mbele. Wale wale wa jana, na SAR zao zile zile. Kufikia mchana Walibya na askari wa Amin walikuwa wametawanyika kuelekea Kampala, na maiti zilizohesabiwa upande wao zilizidi 400, kama nusu zikiwa za Walibya. Baada ya hapo hakukuwa na kizuizi kikubwa tena. Entebbe Aprili 7, Kampala Aprili 10 na 11, watu mjini wanatupungia matawi wakituita bakombozi, sisi hatuna buti nzima hata mbili.

Kwa hiyo neno "Tulikimbia" ni kweli, na usilifute. Mzee aliandika ukweli, kuna wengi wenye vyeo kumzidi ambao hawakuandika. Ila kama jina la brigedi yake ni 201, na kama hakujeruhiwa siku ile ya kwanza, basi kesho yake asubuhi alikuwa juu ya barabara ile ile anakwenda mbele. Kwa nini hakuandika? Sijui mambo ya moyo wa mtu. Mimi mwenyewe ya Januari ile sikumwambia mke wangu mpaka tumezaa watoto wanne.

Lipige picha daftari kurasa zote kabla wino haujafifia, kisha tafuta kitu kimoja. Angalia kama kuna namba ndefu imeandikwa peke yake, labda ndani ya jalada au pembeni mwa ukurasa, isiyo ya barua, ya sanduku la posta wala ya kadi ya chama. Hiyo itakuwa namba ya bunduki yake, iliyochongwa ubavuni. Tulilazimishwa kuikariri kuliko majina ya wajomba zetu, na asubuhi yoyote sajenti angeweza kukuamsha akuulize. Yangu naikumbuka mpaka leo. Namba ya simu yangu huwa namuuliza binti yangu.